NGUVU HUJENGWA KIDOGO KIDOGO



Leo tutajifunza juu ya nguvu za mwili. Tutaona nguvu hujengwa namna gani. Tutaona pia kwa nini watu wengi wenye nguvu huumia mgongo, na jinsi ya kujikinga.

Somo hili linatuhusu sana sisi wa Tinde, pamoja na jirani zetu wa Shinyanga, Kahama na Geita. Hapa Tinde barabara itokayo Nzega hugawanyika. Njia moja huenda Shinyanga na Mwanza. Nyingine huenda Kahama. Malori hupita usiku na mchana. Vijana hupakia na kupakua magunia ya mpunga, mahindi na choroko. Wengine huenda machimboni. Huko huvuta mawe kutoka kwenye maduara na kubeba viroba vya mawe mpaka kwenye karasha. Akina mama hubeba ndoo za maji na mizigo ya kuni. Sisi sote tunakula kwa nguvu za mwili. Mgongo ukiharibika, hata chungu cha nyumbani hakiinjikwi.

KIJANA NA GUNIA

Tuchukue mfano. Kijana mmoja ana miaka 19. Amekuja njia panda kutafuta kibarua cha kupakia lori. Ni siku yake ya kwanza. Wenzake wanamcheka na kumwambia hawezi. Wanaweka dau la shilingi elfu tano. Gunia lililo mbele yake ni lumbesa, limejazwa mpaka limetokeza kichwa juu. Kijana hataki kuchekwa. Anainama, miguu imenyooka, analivuta gunia kwa nguvu zake zote. Mara anasikia kitu kama kisu kiunoni. Gunia linaanguka. Kijana naye anaanguka.

Dau amelikosa. Kibarua amekikosa. Mvua zimeanza, wenzake wanalima majaruba ya mpunga, yeye hawezi hata kufunga kamba za viatu.

Siku ya tatu babu yake anakuja kumwangalia.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Hebu nikumbushe. Yule dume letu jeusi tulimfundishaje kuvuta plau?"

"Kwanza tulimzoeza nira, babu. Halafu tukampa gogo dogo avute. Plau ilikuja baadaye."

"Kwa nini hatukumfunga plau siku ya kwanza?"

"Angeumia shingo, babu. Na angeogopa kazi."

"Basi ng'ombe ulimhurumia. Mwili wako mwenyewe hukuuhurumia."

Maneno ya babu ndiyo somo letu. Nguvu hujengwa kidogo kidogo. Haziji siku moja kwa sababu ya dau.

Sasa tutazame watu waliosifiwa kwa nguvu zao. Tutaanza na watu wa huku kwetu. Kila mmoja ana fundisho.

FUNDISHO LA KWANZA: ANZA NA MZIGO MDOGO

Zamani, kabla ya reli na malori, mizigo ya nchi hii ilibebwa na watu. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walijulikana kote. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, safari ya mamia ya kilometa kwa miguu.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alisafiri kutoka pwani mpaka Tabora. Aliandika kwamba katika Unyamwezi mtoto wa miaka sita au saba alikuwa tayari ameweka pembe ndogo begani. Mtoto hakupewa pembe kubwa. Alipewa ndogo, kwa kadiri ya mwili wake. Alipokuwa mtu mzima, bega na miguu vilikuwa vimezoea.

Na mtu mzima alibeba kiasi gani? Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Tafadhali soma tena tarakimu hiyo. Mabingwa wale walibeba kilo 32. Leo kijana wa miaka 19 anataka kuinua gunia la kilo zaidi ya 100 siku yake ya kwanza.

Hatusemi kwamba maisha ya wapagazi yalikuwa mazuri. Wengi walikufa njiani kwa njaa na ndui. Wala hatusemi watoto wa leo wabebe mizigo. Mahali pa mtoto ni shuleni. Tunachukua fundisho moja tu: anza na mzigo mdogo.

FUNDISHO LA PILI: ONGEZA KIDOGO KIDOGO

Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita aliishi mpiga mieleka wa Kiyunani aliyeitwa Milo, wa mji wa Croton. Mji huo uko kusini mwa nchi ya Italia. Milo alishinda mara nyingi katika michezo ya Olimpiki ya zamani.

Inasimuliwa kwamba Milo alimbeba ndama mmoja kila siku. Ndama alikua kidogo kidogo. Mzigo wa Milo nao ukaongezeka kidogo kidogo. Mwishowe ndama akawa fahali, na Milo bado alimbeba.

Sisi wafugaji tunajua kwamba ndama hukua haraka kuliko nguvu za mtu. Hivyo hadithi hii ina chumvi. Lakini fundisho lake ni la kweli, na hata leo walimu wa michezo hulitumia. Mwili ukizoea mzigo, ongeza kidogo. Ukizoea tena, ongeza tena kidogo.

Hadithi ya kifo chake nayo ina fundisho. Inasemekana Milo aliona mti uliopasuliwa nusu, kabari zikiwa bado ndani. Akataka kuupasua kwa mikono. Kabari zikaanguka, mti ukambana mikono. Usiku wanyama wakali wakamla. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Nguvu nyingi bila akili humwangamiza mwenyewe.

FUNDISHO LA TATU: KUWA NA MPANGO

Sasa turudi Afrika Mashariki. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa polisi. Mchezo wake ulikuwa mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Mwalimu wake alikuwa Mwingereza Malcolm Arnold.

Katika mazoezi, Akii-Bua alivaa fulana nzito yenye uzito wa kama kilo 11. Huku ameivaa, aliruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano. Siku ya mashindano alivua fulana ile. Viunzi navyo vilikuwa vifupi zaidi. Mwili ukawa mwepesi.

Mwaka 1972, katika michezo ya Olimpiki mjini Munich, alishinda na kupata medali ya dhahabu. Alitumia sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Angalia vizuri. Fulana ilikuwa ya kilo 11 tu, si ya kilo 50. Na alikuwa na mwalimu na mpango wa kila wiki. Uzito usio mkubwa, ukitumiwa kwa mpango, ulimfikisha kwenye dhahabu.

FUNDISHO LA NNE: NGUVU SI ZA WANAUME PEKE YAO

Mwaka 1965 michezo ya Afrika ilifanyika Brazzaville, nchini Kongo. Mtanzania Theresia Dismas alipata medali ya fedha katika kurusha mkuki. Alikuwa mwanamke.

Kurusha mkuki kunataka nguvu za bega, mgongo na miguu. Wapo watu wanaodhani mwanamke akifanya mazoezi ya nguvu atakuwa kama mwanamume. Si kweli. Mazoezi humpa mwanamke misuli imara na mifupa imara. Mifupa imara humsaidia sana anapozeeka, maana mifupa ya wanawake wengi hupungua nguvu baada ya kukoma hedhi.

FUNDISHO LA TANO: KUWA NA SUBIRA

Alphonce Simbu ni mkimbiaji wa marathoni, mbio za kilometa 42 na zaidi. Amezaliwa mkoa wa Singida. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Mwaka 2025, mjini Tokyo, alipata dhahabu. Yeye na Mjerumani aliyekuwa wa pili walipewa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya kwenye mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua.

Kutoka shaba mpaka dhahabu ilikuwa miaka 8. Miaka yote hiyo aliendelea na mazoezi. Kijana anayetaka nguvu kwa wiki moja na akumbuke miaka hiyo 8.

MWILI HUPATAJE NGUVU?

Misuli ni nyama inayovuta mifupa. Ukiipa kazi kubwa kidogo kuliko ilivyozoea, huchoka. Baada ya hapo mwili huitengeneza upya, na kuifanya imara kuliko kwanza. Matengenezo hayo hufanyika wakati wa kupumzika na kulala. Hayafanyiki wakati wa kuinua mzigo.

Misuli imeshikwa kwenye mifupa kwa kano. Kano hupata nguvu polepole kuliko misuli. Hapa ndipo vijana wengi huumia. Baada ya wiki chache kijana anaona misuli imejaa, anadhani yuko tayari. Kumbe kano na mgongo bado. Kwa hiyo usiongeze mzigo haraka hata kama unajisikia vizuri.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Huna haja ya vyuma vya gharama. Chagua siku mbili zisizofuatana, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Fanya hivi:

1. Keti kwenye kigoda. Simama bila kushika kitu. Keti tena polepole. Fanya mara 8 mpaka 12.

2. Simama mbele ya ukuta. Weka viganja ukutani. Kunja mikono, halafu jisukume. Fanya mara 8 mpaka 12. Ukizoea, shika kingo za benchi imara. Baadaye fanya chini, yaani piga pushapu.

3. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zikiwa chini. Inua kiuno juu, hesabu mpaka tatu, kisha shusha. Fanya mara 8 mpaka 12. Zoezi hili huimarisha mgongo na makalio.

4. Chukua ndoo yenye lita 5 za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Inua ndoo kutoka chini kwa kukunja magoti, simama wima, kisha ishushe polepole. Fanya mara 8. Ukiweza mara 12 bila taabu, ongeza lita moja.

Tupige hesabu. Ukianza na lita 5, na kuongeza lita moja kila wiki, utafika lita 20 baada ya wiki 15. Hiyo ni karibu miezi minne. Ndivyo ndama wa Milo alivyokua.

Anayebeba mizigo kila siku asijiongezee uzito jioni. Kazi yake ni zoezi tayari. Yeye afanye zoezi la kwanza mpaka la tatu, na apate siku ya kupumzika kila wiki.

Wazee nao wafanye. Hata mtu wa miaka 80 anaweza kuongeza nguvu za miguu. Mzee mwenye miguu imara haanguki ovyo. Mama mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza kwenye zahanati.

Vijana wanaotengeneza vyuma kwa kumimina saruji kwenye makopo wahakikishe makopo yameshikana sawasawa na bomba. Wasiinue wakiwa peke yao. Wamkumbuke Milo na ule mti.

JINSI YA KUINUA MZIGO

Fanya jaribio hili. Shika jiwe la kilo 3 karibu na kifua. Halafu nyoosha mikono mbele nalo. Jiwe ni lile lile, lakini sasa linakulemea. Mgongo nao hulemewa hivyo hivyo mzigo ukiwa mbali na mwili. Kwa hiyo:

1. Jaribu mzigo kwanza kwa kuusukuma kidogo. Ukiwa mzito mno, ita mwenzako au ugawe.

2. Sogea karibu nao. Panua miguu kidogo.

3. Kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka.

4. Leta mzigo karibu na tumbo. Inuka kwa nguvu za miguu.

5. Usipinde kiuno ukiwa na mzigo. Geuka kwa kusogeza miguu.

Kumbuka pia kwamba taratibu za vipimo za nchi yetu zinakataza kufungasha mazao katika gunia la zaidi ya kilo 100. Lumbesa humwibia mkulima, na humvunja mgongo mpakiaji. Kuikataa lumbesa ni kulinda mfuko na mwili. Hata gunia la kilo 100 si la mtu mmoja kuinua kutoka chini. Wainue wawili au zaidi.

CHAKULA, USINGIZI NA DAWA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Mafundisho yake bado yanafaa. Ugali na michembe hutupa nguvu za kufanya kazi. Lakini misuli hutengenezwa na vyakula vya kujenga mwili. Navyo tunavyo: choroko, dengu, kunde, maharage, karanga, dagaa, maziwa, mayai na nyama. Ongeza mboga za majani na matunda. Kunywa maji ya kutosha, hasa wakati wa jua kali na unapotoka duarani. Lala usiku wa kutosha.

Jihadhari na vidonge na sindano zinazosemekana hutunisha misuli. Baadhi huharibu ini, moyo na uzazi. Jihadhari pia na tabia ya kumeza dawa za maumivu kila siku ili uendelee kubeba. Dawa kama diklofenaki ikitumiwa ovyo huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Zaidi ya hayo, maumivu ni mlinzi. Ukimlaza mlinzi, mwizi ataingia.

UKIUMIA UFANYE NINI?

Maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe baada ya wiki chache. Usilale kitandani muda mrefu. Tembea kidogo kidogo, fanya kazi nyepesi, usiinue vitu vizito. Lakini nenda hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi:

1. Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu.

2. Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.

3. Sehemu za siri na makalio vimekufa ganzi.

4. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, au baada ya kuanguka duarani au kutoka kwenye lori.

5. Una uvimbe wa ngiri ambao umekuwa mgumu, unauma na unatapika.

Usikandwe wala kunyooshwa mgongo kwa nguvu ukiwa na dalili hizo. Kuchelewa siku moja kunaweza kukupotezea miguu.

MWISHO WA KIJANA WETU

Kijana wetu hakuwa na dalili hizo. Wiki ya kwanza alitembea mpaka kisimani na kurudi. Wiki ya nne alianza zoezi la kigoda na la ukuta. Baadaye akachukua ndoo ya lita 5. Ndugu zake wadogo walimcheka: "Kaka mzima anabeba maji ya kuku!" Babu akawaambia, "Mwacheni. Anavuta gogo. Plau yaja."

Msimu wa mavuno alirudi njia panda. Wakamwonyesha tena lumbesa. Safari hii alisema, "Punguzeni, halafu mtu mmoja aje tushike wote." Walipunguza. Wakainua wawili. Jioni alirudi nyumbani na malipo yake, akitembea wima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mpagazi wa zamani alibeba kama kilo ngapi? Mizigo yetu ya leo ni kilo ngapi?

2. Kwa nini Akii-Bua alivaa fulana nzito wakati wa mazoezi?

3. Misuli hujengwa wakati gani: wakati wa kuinua au wakati wa kupumzika?

4. Ukianza na lita 5 za maji na kuongeza lita moja kila wiki mbili, utafika lita 20 baada ya wiki ngapi?

5. Katika kijiji chetu, nani hubeba mizigo mizito kupita kiasi? Tufanye nini pamoja ili kuipunguza?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani ambaye hajajua kusoma. Kisha mwonyeshe jinsi ya kukunja magoti.